Programu za Biashara na Mfumo Huria: Nani Avuke Kwanza?



Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ya Marekani ilifikisha mwisho huduma yake ya kawaida kwa mfumo wa kompyuta uitwao Windows 10. Tangu siku hiyo, kompyuta inayoendelea kuutumia mfumo huo haipati marekebisho ya usalama, ila kama mwenyewe amejiandikisha katika mpango wa nyongeza, ambao nao una kikomo chake. Mfumo ulioufuata, Windows 11, unadai mashine zenye vifaa fulani vya ndani ambavyo kompyuta nyingi za miaka ya nyuma hazina. Kwa mwenye ofisi kubwa mjini London, hilo ni suala la kuagiza mashine nyingine. Katika mji wa Kasese, na zaidi huko Bwera karibu na mpaka wa Mpondwe, mashine iliyonunuliwa miaka minane iliyopita bado huitwa mashine mpya, na mwenyewe huifunika kitambaa kila jioni ili vumbi lisiiharibu.

Ndiyo maana leo tumeona yafaa kulizungumzia jambo ambalo kwa kawaida huachiwa mafundi, yaani mfumo endeshi ulio huria, na njia ya kuwafanya watengenezaji wa programu za biashara wakubali kuutengenezea bidhaa zao.

Kwanza tufahamiane juu ya maneno. Mfumo endeshi ni programu inayoamka mapema kompyuta inapowashwa. Ndio unaozipa programu nyingine zamu ya kufanya kazi, unaotunza mafaili, na unaopokea amri ya kidole juu ya kitufe na kuipeleka panapostahili. Askari ataelewa upesi akiufananisha na ofisa wa zamu. Huyo huenda asisimame langoni hata dakika moja, lakini bila yeye hakuna ajuaye nani alinde lango saa ngapi.

Mfumo huria nao ni ule ambao maandishi yake ya ndani yako wazi. Ye yote aweza kuyasoma, kuyarekebisha, kuyanakili na kumgawia mwenzake, na sheria inamruhusu. Mmarekani Richard Stallman alitangaza mpango wa kutengeneza mfumo wa namna hiyo mwaka 1983. Mwaka 1991 mwanafunzi mmoja wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Linus Torvalds, akatoa kiini kilichokuja kuitwa Linux. Tangu wakati huo maelfu ya mafundi wa nchi nyingi wameuongeza na kuusahihisha. Mojawapo ya matoleo yake mashuhuri lilianzishwa mwaka 2004 na mtu wa Afrika Kusini, akalipa jina Ubuntu, neno la Kibantu lililo ndugu wa neno letu utu. Kwa miaka kadhaa sahani zake zilitumwa kwa posta, bila malipo, kwa kila aliyeandika kuomba.

Basi ikiwa mfumo upo, ni halali, haudai ada ya leseni, na mara nyingi hukubali mashine za zamani, kwa nini ofisi zetu haziutumii?

Jibu halimo katika mfumo wenyewe. Limo katika programu zinazopanda juu yake. Mhasibu wa Kasese amezoea QuickBooks ya kusimikwa katika kompyuta, na toleo hilo halikutengenezewa Linux. Mwenye duka la kupiga chapa Bwera hutengeneza kadi za arusi kwa Photoshop, na Adobe hawaitoi kwa ajili ya Linux. Ukimwambia ahame, atakuuliza kama utamlipia wateja atakaowapoteza. Nenda sasa kwa mtengenezaji. Yeye atasema kwamba watumiaji wa Linux maofisini ni wachache mno, hata gharama ya kuwatengenezea toleo lao haitarudi. Wote wawili wanasema kweli. Mmoja amesimama ng'ambo hii ya mto Lhubiriha na mwingine ng'ambo ile, kila mmoja akimngoja mwenzake avuke kwanza.

Watu wa Kasese wana mfano wa jambo hili katika historia yao wenyewe. Mwaka 1956 reli kutoka Kampala ilifika Kasese. Haikuletwa na maombi ya wasafiri, wala haikuja kwa sababu ya uzuri wa milima ya Rwenzori. Iliifuata shaba ya Kilembe. Wenye migodi walikuwa na mzigo wa uhakika, mwaka baada ya mwaka, na mzigo huo ulipaswa kufika Jinja kwenye tanuri lililotumia umeme wa bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa mwaka 1954. Wenye reli walipiga hesabu, wakaona njia italipa, wakaijenga. Uchimbaji wa shaba uliposimama mwanzoni mwa miaka ya 1980, reli ilikosa mzigo wake mkuu, ikadhoofika, hata treni zikaacha kuja. Watu walikuwa bado wapo Kasese, na haja ya kusafiri walikuwa nayo. Mzigo ndio uliokosekana.

Mtengenezaji wa programu za biashara hana tofauti na mwenye reli huyo. Huja kwenye mzigo.

Na yafaa ieleweke jambo jingine katika mfano huo, maana hapo ndipo wengi hukosea. Njia ya reli ilikuwa ya umma, lakini shaba iliyopita juu yake ilikuwa na wenyewe, nao waliiuza kwa faida. Vivyo hivyo, anayeomba programu ya uhasibu iweze kutumika juu ya Linux hamwombi mwenye programu aigawe bure. Programu yaweza kubaki mali yake, na bei yake akaiweka mwenyewe. Anachoombwa ni kutomlazimisha mnunuzi anunue na mfumo wa kampuni fulani ndipo aitumie. Kuna wapenzi wa mfumo huria wasioridhika na hilo, wanaotaka programu zote ziwe huria. Hoja yao ina uzito wake, lakini ofisi yenye kazi ya kesho asubuhi haiwezi kungoja mpaka hoja hiyo ishinde.

Je, wauzaji wamewahi kushawishika? Wameshawishika mara nyingi, na inafaa kuangalia ni nini kilichowashawishi. Katika miaka ya 1990 wapenzi wa Linux waliwaandikia watengenezaji barua nyingi za kuwasihi. Nyingine zilikuwa na adabu na nyingine hazikuwa nayo. Mwaka 1998 kampuni ya Oracle, wauzaji wakubwa wa programu za kutunza kumbukumbu, walitoa toleo la Linux. Mwaka 2001 IBM ilitenga dola bilioni moja kwa ajili ya Linux. Hawa hawakuguswa moyo na barua. Waliona kwamba mafundi wa wateja wao walikuwa wamekwisha kuusimika mfumo huo katika mashine kubwa, wengine bila hata kuwauliza wakubwa wao, na mteja akiisha kuwa na mashine hujitokeza muuzaji wa kumpelekea bidhaa.

Microsoft yenyewe ni ushahidi. Mwaka 2001 mkuu wake, Steve Ballmer, aliifananisha Linux na ugonjwa wa kansa. Mwaka 2016 kampuni hiyo hiyo ilijiunga na taasisi inayosimamia Linux, na mwaka 2017 ikatoa programu yake ya kumbukumbu, SQL Server, iweze kufanya kazi juu ya mfumo ule ule uliotukanwa. Katika muda huo wateja walioikodi mitambo ya Microsoft walikuwa wameitaka Linux, na fedha yao ilikuwa nzuri kama fedha ya mtu mwingine ye yote.

Leo kompyuta 500 zilizo na kasi kuliko zote duniani, katika orodha inayotolewa mara mbili kwa mwaka, zote zinatumia Linux. Imekuwa hivyo tangu Novemba 2017. Na askari aliye doria Mpondwe, mwenye simu ya Tecno au Infinix mfukoni, amebeba kiini cha Linux bila kujua, kwa kuwa Android, iliyotoka mwaka 2008, imejengwa juu yake. Hakuna mwenye benki wala mwenye kampuni ya simu anayesema kwamba Android haina watumiaji wa kutosha. Kumbe uwanja uliobaki ni mmoja tu, nao ni kompyuta ya mezani. Ndiyo iliyo mbele ya karani.

Ipo pia sababu ya pili inayomleta muuzaji, nayo ni woga. Vijana kambini wataijua kampuni ya Valve, inayouza michezo ya kompyuta. Windows 8 ilipotoka mwaka 2012 ikiwa na duka lake ndani yake, Valve iliona hatari inayomkabili kila mpangaji. Umekodi kibanda sokoni Bwera, umepata wateja, kisha mwenye kibanda anafungua duka la bidhaa zile zile mlango wa pili. Mwaka 2013 Valve ilileta duka lake kwenye Linux, na mwaka 2018 ikatoa chombo cha kuiwezesha michezo mingi ya Windows kuchezwa huko bila kuandikwa upya. Wako wengi katika biashara ya programu wenye woga kama huo, ila hawausemi hadharani.

Sasa tufike kwa wenzenu wa kazi, maana mfano wao unatufaa kuliko yote. Ufaransa ina kikosi kiitwacho Gendarmerie nationale. Hao ni wanajeshi wanaofanya kazi ya polisi, hasa vijijini na katika miji midogo, wenye vituo vilivyotawanyika nchi nzima. Mwaka 2005 walianza kuacha programu za ofisi za Microsoft na kutumia OpenOffice, iliyo huria, lakini juu ya Windows ile ile. Mwaka uliofuata wakabadilisha kivinjari na programu ya barua. Askari wa kituoni aliona sura ya barua zake imebadilika kidogo; mashine yake ilikuwa ile ile. Wakati huo huo programu za kazi zao wenyewe zilikuwa zikipangwa zipitie katika kivinjari, ili mashine yo yote yenye kivinjari iweze kuzifungua.

Baada ya hayo tu ndipo walipogusa mfumo endeshi. Microsoft ilikuwa imeleta Windows Vista, na wakubwa wa kikosi wakaona kwamba kuwahamisha askari kwenda Vista kungehitaji mafunzo mapya bila kuwaletea nafuu kubwa. Wakasema, ikiwa ni lazima kufundisha upya, basi tufundishe kitu tunachokitawala. Mwaka 2008 wakaanza kusimika mfumo wao uliotokana na Ubuntu, wakauita GendBuntu. Mwaka 2013 ulikuwa katika kompyuta 37,000 hivi. Kufikia mwaka 2024 ulikuwa katika zaidi ya 100,000, yaani karibu mashine 97 katika kila 100. Zile chache zilizobaki hazikulazimishwa. Zilikuwa na kazi ambazo programu zake hazikupatikana kwingine.

Tazameni utaratibu wao. Walianza na barua na majedwali, wakaja kwenye kivinjari, na ofisa wa zamu akabadilishwa mwisho, wakati askari wote walikwisha kuzoea kazi mpya. Tena lilikuwa jambo la amri moja, kwa kikosi kizima, na muuzaji aliyetaka kuwauzia kitu alijua atawakuta wapi. Huo ndio mzigo wa shaba.

Mji wa Munich, Ujerumani, una habari ya namna nyingine. Baraza lake liliamua mwaka 2003 kuhamia Linux. Ballmer alikatiza mapumziko yake ya michezo ya theluji akaenda kumwona meya, na kampuni yake ikapunguza bei, jambo linaloonyesha kwamba hata nia ya kuondoka ina thamani mezani. Mji ulihamisha mashine karibu 15,000, kazi ikaisha mwaka 2013. Lakini mwaka 2017 baraza jipya likaamua kurudi Windows. Sababu zilikuwa nyingi, siasa ikiwa mojawapo. Hata hivyo moja ilitajwa mara kwa mara, kwamba idara zilikuwa na programu maalumu ambazo watengenezaji wake hawakuzileta kwenye Linux. Mji mmoja, hata ukiwa tajiri, haukutosha kuwa mzigo.

Hapa hatuna budi kugusa jambo lenye aibu, maana wasikilizaji wetu ni walinzi wa sheria. Katika miji yetu mingi, kwa shilingi chache, fundi atakusimikia Windows na Photoshop kutoka kwenye flashi, bila leseni. Uganda ina sheria ya haki za watungaji ya mwaka 2006, na nakala hizo zinavunja sheria hiyo. Wengi hudhani anayeumia ni mwenye kampuni peke yake. Ukweli ni kwamba nakala ya wizi ndiyo mshindani mkubwa wa mfumo huria. Bure ya halali inashindana na bure ya haramu iliyokwisha kuzoeleka, nayo hushindwa. Kijana anajifunza kazi kwa programu ya wizi, anaajiriwa, anamwomba mwajiri amnunulie ile ile, na hapo kampuni hupata fedha yake. Wakati huo huo mtengenezaji akihesabu watumiaji wa Linux katika Afrika ya Mashariki anawaona wachache, anafunga daftari. Tena nakala ya namna hiyo hujasimikwa na mtu usiyemjua, yaweza kuwa na kitu ndani yake usichokijua, na mara nyingi huzimiwa marekebisho ili isigunduliwe. Ofisi ya mpakani yenye majina ya watu na mwendo wa magari haistahili kuwa na mashine kama hiyo.

Tusije tukadhani kwamba hapa magharibi hakuna kilichoanza. Juni 2019, ugonjwa wa Ebola ulipovuka mpaka kutoka Kongo na wagonjwa wa kwanza kuonekana hospitali ya Kagando na kuhudumiwa Bwera, wizara ya afya ilikuwa imekwisha kutumia kwa miaka kadhaa mfumo huria wa hesabu za hospitali, DHIS2, uliotoka Chuo Kikuu cha Oslo. Huo hufunguliwa kwa kivinjari, wala hauulizi mashine ni ya nani. Mfumo wa forodha unaotumiwa Uganda, ASYCUDA World wa Umoja wa Mataifa, si huria, lakini umeandikwa kwa lugha ya Java na kwa hiyo haukufungwa kwenye mfumo endeshi mmoja. Chuo Kikuu cha Mashahidi wa Uganda, Nkozi, kilianza kuhamia programu huria katika miaka ya mwanzo ya 2000. Na kwa lugha hii tunayoitumia, ambayo ndiyo lugha ya kambi zetu, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wenzao wa Sweden walitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, yenye maagizo yote kwa Kiswahili. Hakuna sheria iliyowazuia wala ada waliyodaiwa.

Lakini kituo kimoja cha Bwera hakina shaba ya kutosha kumleta muuzaji. Wala Kasese nzima haina. Mzigo huo waweza kupatikana tu pale wanunuzi wakubwa wanaposema neno moja, nao ni jeshi, polisi, hospitali, mabaraza ya wilaya na shule. Mahali pa kulisema ni katika zabuni. Ofisi ieleze kazi inayotaka ifanywe, isitaje jina la mtengenezaji. Iandike kwamba programu itakayouzwa iweze kutumika juu ya Linux, au kupitia kivinjari cho chote. Iandike pia kwamba kumbukumbu zitahifadhiwa kwa muundo ulio wazi, ambao ofisi itaweza kuusoma hata baada ya mkataba kwisha na muuzaji kwenda zake. Printa na mashine za kuchukulia alama za vidole ziingie katika masharti hayo hayo, kwa kuwa mipango mingi mizuri imekwama kwa kukosa printa inayokubali. Kampuni ya HP imekuwa ikitoa kwa miaka mingi programu za kuendesha printa zake juu ya Linux. Kwa hiyo muuzaji akisema haiwezekani, aulizwe wenzake wamewezaje.

Muuzaji atajibu kwamba bei itapanda. Huenda ikapanda mara ya kwanza. Mnunuzi naye aweke upande wa pili wa mizani ada ya leseni ya kila mwaka, pamoja na gharama ya kutupa mashine nzima kwa sababu tarehe fulani imefika huko Marekani.

Pale ofisi ndogo ilipo na kompyuta tatu, isingoje zabuni ya taifa. Moja ya hizo bila shaka ni ya kuandikia barua na kupokea ujumbe tu. Kwanza iwekewe programu huria za ofisi juu ya mfumo uliopo, itumike hivyo miezi michache, makarani wazoee. Kisha nakala za mafaili zihifadhiwe kando, na fundi wa Kasese aisimikie Linux. Mashine ya mhasibu iachwe kama ilivyo, na barua iandikwe kwa muuzaji wa programu yake, kwa jina la ofisi na kwa mhuri wake, kumwuliza toleo la Linux au la kivinjari litatoka lini. Barua hiyo ipelekwe miezi mingi kabla ya leseni kwisha, wakati muuzaji bado anaitazamia fedha ya mwaka unaofuata.